Somo: Sinki la choo linaishiwa maji lenyewe. Kwanza jua yanaondoka wakati gani

Simu ninazopigiwa kuhusu hili zinafanana. "Fundi, nikiamka asubuhi maji ya sinki la choo yako chini kabisa, chumba kizima kinanuka, na fundi aliyekuja juzi kasema sinki limepasuka, ninunue jingine." Nikifika, mara nyingi nakuta sinki zima. Masinki hupasuka, sikatai, ila kati ya sababu zote hiyo ndiyo ya nadra, na ndiyo inayomtoa mwenye nyumba pesa nyingi kuliko zote. Labda ndiyo maana inatajwa haraka.

Kwa hiyo leo tunapima wenyewe kabla ya kung'oa kitu. Andaa jagi, ndoo, selotepu, tochi, buluu ya kufulia na karatasi ya chooni. Ninazungumzia choo cha kukaa chenye tangi nyuma. Cha kuchuchumaa kimejibiwa kwenye maswali huko chini.

Kwanza tuelewane kuhusu maji yale. Ndani ya sinki kuna shingo iliyokunjwa: maji yanashuka, yanapanda kidogo, yanavuka ukingo, ndipo yanaingia kwenye bomba la inchi 4. Yanayobaki kwenye mkunjo ndiyo kizuizi chako dhidi ya hewa ya chemba. Kina cha kizuizi hicho ni kama sentimita 5 tu. Yakishuka yote, harufu inaingia, na mende nao wanapata njia.

Swali la kujiuliza ni moja: yanaondoka wakati gani? Usiku nyumba ikiwa imetulia? Pale mtu anapomwaga maji sehemu nyingine ya nyumba? Au yanabaki kidogo palepale baada ya kuflashi? Kila jibu lina ugonjwa wake.

Hatua ya 1: Funga koki ya tangi, kisha flashi tangi liishe. Wengi wanairuka hii. Tangi likiwa linavujisha kidogo kidogo kuingia kwenye sinki, linajaza pengo usiku kucha na asubuhi utadhani choo kizima. Ugonjwa mmoja unauficha mwingine. Maji yaliyobaki chini ya tangi yakaushe kwa sponji.

Hatua ya 2: Jaza sinki taratibu kwa jagi mpaka maji yaanze kuvuka ukingo. Utayasikia yakidondokea kwenye bomba. Acha yatulie, kausha kauri pembeni, bandika kipande cha selotepu ili ukingo wake wa chini uguse usawa wa maji. Funga kifuniko.

Hatua ya 3: Usiku mmoja bila mtu kutumia maji ndani ya nyumba. Wape watoto taarifa mapema. Wenye choo cha nje mna bahati. Asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba lolote, angalia selotepu.

Yakiwa yameshuka milimita moja au mbili, hayo ni mvuke, achana nayo. Choo cha wageni kisichotumika wiki kadhaa kitakauka kwa njia hiyohiyo. Ukisafiri, mimina kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji, yanatanda na kuzuia mvuke.

Yakiwa yameshuka sana, washukiwa ni wawili: uzi au ufa.

Uzi watu hawauamini mpaka wauone. Nyuzi za dekio, nyuzi za gunia, nywele za rasta zilizooshewa chooni, kitambaa cha kufutia mtoto: kimojawapo kikinasa kwenye ukingo, ncha moja ikiwa majini na nyingine inaning'inia upande wa bomba, kinanyonya maji kama utambi wa koroboi, tone kwa tone mpaka asubuhi. Madekio yetu mengi ni fulana kuukuu za pamba, na pamba inanyonya kweli. Dalili yake ni kwamba kasi haitabiriki. Leo yanashuka sana, kesho kidogo, ukiflashi kwa nguvu tatizo linapotea siku mbili kisha linarudi. Vaa glavu, kunja ncha ya waya wa henga iwe ndoano butu, ingiza ukifuata mkunjo, zungusha, vuta. Halafu mwaga ndoo nzima kwa mkupuo mmoja. Pima tena usiku unaofuata.

Ufa una tabia tofauti: maji yanashuka mpaka usawa uleule kila mara, kisha yanasimama. Ufa uko hapo yaliposimama. Koroga buluu ya kufulia ndani ya sinki, zungushia karatasi ya chooni kavu kwenye kitako chote, subiri saa kadhaa. Karatasi ikipata rangi ya buluu, maji yanatokea nje. Isipopata, usishangilie bado. Ufa unaweza kuwa kwenye ukuta wa ndani wa shingo, maji yanapita kimyakimya kwenda kwenye bomba na sakafu inabaki kavu. Hapo kinachoamua ni ule usawa usiobadilika, baada ya uzi kutafutwa na kukosekana.

Hatua ya 4: Usiku maji hayakushuka? Sasa yasumbue. Hii ndiyo sehemu ninayokuta majibu mengi. Kaa mbele ya sinki na tochi. Mtu mwingine amwage ndoo mbili za maji kwa haraka bafuni, kisha aflashi choo cha pili kama kipo, kisha aachie maji ya mashine ya kufulia. Wewe usiangalie kama maji yanacheza tu. Angalia yanaanza kwenda *upande gani*.

Yakianza kwa kuvutwa chini, halafu ukasikia "gluk", bomba linatafuta hewa. Fungu la maji linaloshuka likijaza bomba lote huvuta hewa nyuma yake, na hewa isipokuja kupitia bomba la hewa lililopanda juu ya paa, itakuja kupitia sinki lako, ikiondoka na maji.

Yakianza kwa kusukumwa juu, mapovu yakatoka, tatizo liko mbele: njia ya kwenda chemba au shimo imeziba nusu, hewa iliyobanwa inarudi kwako.

Mwanza tuna nyongeza yetu. Nyumba za Mabatini, Igogo, Isamilo na vilima vingine zimekaa juu ya mawe, na fundi asiyeweza kuchimba mwamba anashusha bomba wima kando ya jiwe. Kwa bomba la inchi 4, mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita unatosha kabisa. Likishushwa wima, maji yanakimbia, na uvutaji unakuwa mkali. Nyumba ya aina hiyo bila bomba la hewa itapoteza maji hata ukiweka sinki la bei gani.

Halafu kuna upepo wa ziwa. Ukiona maji yanapanda na kushuka yenyewe mchana wa upepo, hakuna aliyefungua bomba, angalia kichwa cha bomba la hewa. Upepo ukipita juu ya mdomo ulio wazi unavuta. Kofia nzuri inatuliza.

Hatua ya 5: Flashi yenyewe. Fungua koki, tangi lijae, flashi, tazama. Maji yakibaki chini ya selotepu mara tu baada ya kuflashi, funua tangi. Kwenye matangi mengi kuna kampira kembamba kanakotoka kwenye valvu ya kuingiza maji kwenda kwenye bomba la katikati la kufurikia. Kazi yake ni kurudisha maji kwenye sinki wakati tangi linajaa. Nakakuta kamechomoka, kamelala ndani ya tangi, mwenye nyumba ana miezi analalamika. Karudishe. Angalia pia boya lisiwe limeshushwa mno kwa nia ya kubana matumizi.

Matibabu ya bomba la hewa. Kama lipo, panda uangalie mdomo: viota, nyigu wa udongo, majani. Mwaga maji toka juu usikilize kama yanashuka bila kusita. Kama halipo, liwekwe mwanzoni mwa laini, la inchi 2 au zaidi, lipite juu ya paa na mbali na madirisha. Lililowekwa kule kwenye shimo pekee linasaidia shimo. Choo cha ndani kabisa hakilioni.

Chemba. Ifunue ukiwa umesimama upande upepo unakotokea. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, kwenye shimo au bomba la mtaa. Ikiwa tupu na choo kinasuasua, kizuizi kiko kati ya choo na chemba. Usiwashe kiberiti kuchungulia, na usiingie shimoni wala usimruhusu kijana aingie. Gesi ya humo inaangusha mtu kabla hajaita.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwangaluka fundi. Sisi ni wapangaji, tuko chini. Wa juu akiflashi, choo chetu kinalia na maji yanaisha. Mwenye nyumba anasema tununue sinki.

Mwangaluka. Msinunue. Hiyo ni hatua ya 4 imejipima yenyewe, mnashiriki bomba moja la kushuka na hewa haitoshi. Mwite mwenye nyumba kwa heshima, mkalishe mbele ya sinki, wa juu aflashi. Akiona kwa macho mazungumzo yatakuwa mafupi. Kwa sasa, mkisikia wa juu ameflashi, ongezeni jagi la maji.

Shikamoo fundi. Choo changu ni cha kuchuchumaa, somo hili linanihusu?

Marahaba. Linakuhusu, ila hakuna tangi la kuficha ugonjwa, hivyo anzia hatua ya 2. Pima usawa kwa kijiti kilichotiwa alama, ukikisimamisha sehemu ileile kila mara. Hakikisha pia kama kina mkunjo. Nimekuta vyoo vilivyofungwa bomba moja kwa moja kwenda shimoni bila mkunjo wowote. Hicho hakipotezi maji, hakikuwahi kuyashika.

Kaka, maji ya mgao huku Buhongwa, tunaflashi kwa ndoo. Baada ya hapo maji yanabaki kidogo sana. Ni ugonjwa?

Hapana, dada. Ndoo ikimwagwa kwa mkupuo, shingo inajaa na kunyonya karibu kila kitu, na hakuna tangi la kurudishia. Bakiza lita moja kwenye ndoo, uimimine taratibu mwishoni.

Ufa mdogo siwezi kuziba kwa gundi ile ya kuchanganya mbili?

Ulio nje juu ya usawa wa maji, jaribu. Ulio majini, gundi inahitaji kauri kavu kabisa, na kwenye shingo huwezi kuikausha wala kuifikia. Badilisha. Na fundi asikaze boliti za kitako kwa hasira, wala asilizamishe sinki lote kwenye saruji ngumu. Masinki mengi yenye nyufa niliyong'oa yalibanwa hivyo.

Mimi huwa namwaga asidi ya betri kidogo, halafu jiki. Choo kinafunguka safi. Kwa nini hujaitaja?

Kwa sababu asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na wewe umeinama hapohapo ndani ya chumba kidogo. Mkuu, acha kabisa. Kama ulimwaga leo, fungua madirisha, toka nje, usirudi kumwaga kingine juu yake. Uzi wa dekio hauondolewi na jiki, na bomba lisilo na hewa halisikii asidi.

Tuko Igombe, karibu na maji. Masika sinki linajaa kwanza, linakoroma, ndipo maji yanashuka chini kabisa. Kiangazi hakuna shida. Fundi kashalibadilisha mara moja.

Mzee wangu, sinki halihusiki. Masika maji ya ardhini yanapanda, shimo lako la kunyonya halina pa kunyonyea, bomba linajaa toka mbele. Ziwa lilipopanda 2020, na tena 2024, wa ufukweni wengi waliliona hili. Gari la kunyonya litakupa nafuu ya siku chache, kwani shimo linajazwa na maji ya ardhini. Dawa ni kuinua shimo la kunyonyea, lijengwe sehemu ya juu ya kiwanja, nalo liwe mbali na kisima chako na cha jirani. Choo nacho kikiwa chini, itabidi kipandishwe. Usichimbe shimo jingine lenye kina zaidi, utakuwa umechimba kisima.

Nimefanya hatua zote, choo kina maji tele, na bado bafuni kunanuka.

Mwaga jagi la maji kwenye tundu la sakafu ya bafu. Nalo lina mkunjo wake, na pengine hakuna aliyeogea humo tangu mwezi uliopita.