Taa za mbele za gari kuukuu: ya kuangalia kabla ya safari ya usiku

Taa zikianza kusumbua, wengi hukimbilia dukani kununua globu. Anza na ukaguzi, tena mchana, pesa ikiwa bado mfukoni.

Kwanza angalia ni taa ngapi zimekufa. Ikiwa moja, shuku globu, soketi au fyuzi ya upande huo; magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 yana fyuzi ya kushoto na ya kulia. Zikizima zote kwa mpigo, achana na globu, nenda kwenye rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na swichi ya usukani. Fulu (mwanga wa mbali) inawaka lakini dimu (mwanga wa chini) hakuna? Globu ya H4, aina ya halojeni inayobeba fulu na dimu pamoja, ina nyuzi mbili, ya wati 60 ya fulu na ya wati 55 ya dimu. Huenda dimu ya upande mmoja ilishakatika zamani hukugundua, na sasa ya pili imeifuata.

Taa hafifu ndiyo yenye mambo. Washa injini, pima betri: volti 13.8 hadi 14.4 ni salama. Kisha pima kwenye soketi ya globu huku taa inawaka. Ukikuta 11 na ushee, umeme unapotelea njiani, na halojeni haina huruma: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Mimi humshuku ethi kwanza, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Ukiwasha indiketa na taa kubwa nayo ikacheza, ndiyo huyo. Fuata waya wake hadi kwenye boliti ya bodi, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Ila baadhi ya Toyota za zamani swichi yake hukata upande wa ethi, si wa moto (unaoleta umeme kutoka kwenye betri). Testa (kitaa cha kupimia umeme) inaweza kuwaka kwenye soketi na taa isiwake, fundi asiyelijua hilo akabaki anabadilisha globu nzima kwa nzima.

Soketi ikiwa imegeuka rangi au kuyeyuka, mara nyingi kuna mtu alifunga globu za wati 100. Rudisha za kawaida. Fyuzi ikiungua tena na tena kuna shoti. Kuziba na waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ni kuliandaa gari liungue.

Kava la taa likiwa la njano, hata globu mpya haitasaidia: msasa laini wa maji, kisha polishi. Ukifunga globu usiguse kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono huifupishia maisha.

Beba globu moja ya akiba, fyuzi kadhaa na testa. Mwisho, pakia mizigo yote ndipo umulike ukutani, maana buti likijaa pua ya gari huinuka, na dimu yako inawapiga machoni wanaokuja. Kama dashibodi ina kitufe cha kushusha taa, zishushe kabla ya kuondoka.