Kuongea na mwanao kuhusu pombe na unga, mkimenya viazi

Mwanangu yuko kidato cha pili. Mwaka jana, nikiwa nafua, nilikuta pakiti ya kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, mfukoni mwa suruali yake ya shule. Nilimfokea mpaka jirani akatoka nje. Wiki mbili hakunisemesha zaidi ya shikamoo. Tangu hapo nimebadili njia.

Usimwite sebuleni umkalishe. Ukisema "njoo hapa, nina maneno na wewe", keshajifunga kabla hujafungua mdomo. Mimi nauza chipsi Temeke, kwa hiyo tunaongea jioni tukimenya viazi. Mikono ina kazi, macho yako kwenye kisu.

Anza na habari za wengine. Nilimuuliza, "Hivi siku hizi kijiweni wanakunywa nini, viroba, zile pombe kali za vipakiti?" Akacheka. "Mama, viroba si vilipigwa marufuku 2017? Nilikuwa darasa la kwanza." Sasa wanachanga, wananunua chupa ndogo ya plastiki. Sikushtuka, au sikuonyesha. Nikauliza, "Na asiye na hela ya kuchanga?" Akanyamaza. Kiazi alichoshika akakimenya mpaka kikabaki kama kokwa, ndipo akasema, "Mara ya kwanza unapewa bure." Kimya cha namna hiyo usikijaze mawaidha. Subiri.

Ya nyumbani usiyafiche. Mdogo wangu alivuta unga, yaani heroini, miaka mingi kabla hospitali ya Muhimbili hawajaanza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, mwaka 2011. Nilimsimulia mwanangu yote: arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilivyomkunja mjomba wake sakafuni, redio ya babu aliyoiuza, na alivyodamka kila siku kwenda kunywa dozi mbele ya muuguzi. Na kwamba aliyempa kete ya kwanza alikuwa rafiki yake wa kucheza mpira. Lakini usitie chumvi. Ukimwambia bangi inaua papo hapo, wavutaji anawaona mtaani wazima. Siku utakapomwambia kweli kuhusu unga hatakusikia.

Kisha wekeni ahadi. Yetu ni hii: akizidiwa, au wenzake wakilewa, anipigie saa yoyote, namfuata, na usiku huo siulizi kitu. Alipiga mara moja, saa sita usiku. Nilikwenda na bajaji. Nilimpa maji, nikamlaza ubavu asipaliwe na matapishi, nikakaa naye. Angekuwa haamshiki, tungekwenda hospitali saa ileile. Maswali niliyaweka mpaka asubuhi, alipomaliza chai.