Namna ya kufuatilia ndege mbuai, wakazi na wahamaji, msimu hadi msimu

Ukitaka kujua ni lini tai, kozi na shakivale wahamaji huingia na kutoka katika eneo unalolifuatilia, kazi inaanza miezi kadhaa kabla hawajafika, na inaanza na wakazi. Mtu anayemjua kila mbuai anayeishi pale mwaka mzima, awe mzima au mchanga, ametua au yuko angani, hamtafuti mgeni. Mgeni hujitokeza mwenyewe kwa kutofanana na wenyeji. Anayeanza na wahamaji huishia kuandika kila ndege mkubwa wa kahawia kuwa mgeni wa msimu, na rekodi za namna hiyo huharibu hata zile sahihi zilizo pembeni yake.

Mifano mingi hapa ni ya njia ya uhamaji inayounganisha Asia na Ulaya mashariki na nusu ya mashariki ya Afrika. Utaratibu wenyewe ni ule ule popote.

Njia moja, ratiba moja

Chagua njia au kituo kimoja ukakishikilia. Njia ya barabara iwe kati ya kilomita 20 na 50, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na watu wawe watatu: dereva asiyehesabu, mtazamaji wa kushoto na mtazamaji wa kulia. Dereva anayehesabu huacha upande mmoja bila macho na kuhatarisha wenzake. Kila ukimwona ndege, simama, zima injini, mtambue, andika, ndipo uendelee. Kituo cha kusimama kiwe mahali palipoinuka, penye upeo mpana. Safu ya milima ni nzuri zaidi, kwa kuwa upepo ukigonga mteremko hupanda juu na ndege huutumia.

Nenda mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima, na kila wiki katika majuma ya mapito. Wengi huacha kutazama mwezi wa Juni na Julai kwa kuwa "hakuna kitu", na hapo ndipo wanapopoteza nusu ya jibu. Bila rekodi za Juni huwezi kusema nani ni mkazi. Siku usiyoona chochote nayo iandikwe: saa ngapi ulitazama, kilomita ngapi ulizopita, idadi sifuri. Sifuri yenye saa zake ni taarifa. Ukurasa mtupu si chochote.

Tarehe ya "wa kwanza kuonekana" watu huipenda mno, lakini ni kipimo dhaifu. Inategemea bahati na wingi wa watazamaji. Ziara zenye nafasi sawa, juhudi ile ile, zitakuonyesha idadi ikipanda, ikifika kileleni na kushuka, na huo ndio msimu wenyewe.

Saa za kutazama

Tai, shakivale na tumbusi huokoa nguvu kwa kupanda hewa moto inayoinuka kutoka ardhini. Alfajiri bado wametua juu ya miti mikavu, nguzo na vichuguu, na huo ndio wakati wa kuwasogelea na kuona mdomo, macho na miguu. Kuanzia saa tatu asubuhi huanza kuzunguka na kupanda. Kati ya saa sita na saa nane mchana wengi wako juu kiasi kwamba macho matupu hayawapati, na mtazamaji hudhani wamekwisha. Wapo. Pitisha darubini polepole kwenye kingo za mawingu meupe, kwa sababu ndege mweusi juu ya wingu huonekana mbali kuliko juu ya samawati tupu. Siku isiyo na wingu lolote ndiyo ngumu kuliko zote.

Mvua huzuia safari. Ikikatika, saa moja au mbili za kwanza hewa ikianza kupata joto huwa na shughuli nyingi. Kisha kuna kumbikumbi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza wanapotoka ardhini kwa maelfu, tai wa nyika za Asia (Aquila nipalensis), ndege wa uzito wa kilo mbili hadi nne, hushuka na kutembea kwa miguu, akiokota kumbikumbi mmoja mmoja kwenye mlango wa kichuguu. Ukiona tai kadhaa wamesambaa ardhini namna hiyo, simama mbali, toa darubini na uanze kuhesabu kwa umri.

Vifaa

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha. 10x42 inafaa kituoni lakini mkono ukichoka hutikisika. Teleskopu ya 20–60x kwenye miguu mitatu husaidia kwa ndege waliotua na wa mbali sana, ila zaidi ya 40x joto la mchana hufanya picha icheze. Kamera si ya mapambo: piga ndege akiwa juu huku umeongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu, la sivyo sehemu ya chini ya bawa itatoka nyeusi tupu na hutaona alama unazozihitaji. Ongeza kihesabio cha kubonyeza, dira, na daftari lenye penseli, maana wino huyeyuka mvuani.

Wanaochanganywa zaidi

Acha ukubwa. Ukubwa angani bila kitu cha kulinganisha hudanganya hata wazoefu. Acha pia rangi ya jumla, kwa kuwa tai wale wale wa kahawia huonekana weusi, wekundu au wa rangi ya mchanga kutegemea jua na uchakavu wa manyoya. Tazama umbo, namna ya kuruka na sehemu chache za mwili zisizobadilika.

Tai wa nyika za Asia na tai wa kahawia mkazi wa Afrika (Aquila rapax) hutenganishwa vizuri zaidi kwenye pembe ya mdomo. Kwa mgeni, mstari wa manjano wa mdomo hurudi nyuma hadi chini ya ukingo wa nyuma wa jicho. Kwa mkazi huishia karibu na katikati ya jicho. Mkazi mzima ana jicho la manjano-kahawia lililofifia, mgeni ana jicho jeusi. Angani, mgeni mchanga ana mstari mweupe mpana unaopita katikati ya upande wa chini wa bawa, na ukingo mweupe nyuma ya bawa na mkia. Mstari huo humpungua kadiri anavyokua, kwa hiyo kutouona si ushahidi kwamba ni mkazi.

Kwa shakivale, mkazi wa nyanda za juu (Buteo augur) akiwa mzima ana mkia mwekundu wa kutu na hana tatizo. Tatizo ni mchanga wake: wa kahawia, mkia bila wekundu, na huandikwa kila mwaka kuwa shakivale mhamaji (Buteo buteo). Augur ana mabawa mapana zaidi na mkia mfupi zaidi. Ukimwona shakivale wa kahawia Julai, mfikirie mchanga wa Augur kwanza.

Mwewe wana mtego wa aina hiyo hiyo. Mwewe wa Afrika mzima ana mdomo wa manjano. Yule wa Ulaya na Asia ana mdomo mweusi. Lakini mwewe mchanga wa Afrika naye ana mdomo mweusi. Usiandike "mgeni" kwa mdomo peke yake. Hakikisha umri kwanza.

Kozi wadogo wanaotembea kwa makundi ni Falco naumanni na kozi wa Amur (Falco amurensis), mara nyingi wakichangamana. Dume la naumanni lina mgongo wa kahawia-nyekundu usio na madoa, na kucha nyeupe; Falco tinnunculus ana madoa mgongoni na kucha nyeusi. Dume la Amur ni la kijivu kilichokolea, miguu myekundu, na weupe safi upande wa chini wa sehemu ya mbele ya bawa ambao hung'aa akigeuka. Majike ya naumanni na tinnunculus ya mbali yaandike kwa majina yote mawili, "naumanni/tinnunculus". Fanya hivyo pia kwa majike na wachanga wa Circus macrourus na Circus pygargus, wale wanaopepea chini chini juu ya majani wakiwa wameinua mabawa kwa pembe. Rekodi ya majina mawili ni ya kweli. Ya jina moja la kubahatisha si ya kweli.

Mwaka unavyokwenda

Mbuai wanaoelea hukwepa bahari, maana juu ya maji hewa moto haipandi vizuri. Hujikusanya penye kivuko chembamba: Gibraltar kati ya Hispania na Moroko, yenye upana wa kilomita 14 hivi, Bosphorus nchini Uturuki, Batumi nchini Georgia, ambako zaidi ya mbuai milioni moja hupita katika majira ya kupukutika kwa majani, na Bab el-Mandeb kati ya Yemen na Jibuti. Kozi na jamii ya Circus hupiga mabawa kwa nguvu zao wenyewe na huvuka bahari, kwa hiyo usiwasubiri kwenye vivuko tu.

Katika Afrika ya mashariki wageni wa mwanzo huonekana Septemba. Oktoba na Novemba shakivale, tai wa nyika, Circus na naumanni huingia kwa wingi. Kipindi hicho hupita pia kozi Falco eleonorae akielekea Madagaska. Yeye huchelewa kwa sababu hulea makinda Agosti na Septemba kwenye visiwa vya Mediterania, wakati ndege wadogo wahamaji wanapopita hapo na kuwa chakula. Kozi wa Amur hufika Novemba na Desemba, akitoka Siberia ya mashariki na China kaskazini, akipitia kaskazini-mashariki ya India na kuvuka Bahari ya Hindi. Desemba hadi Februari wageni huwa wametulia, wakifuata mvua na wadudu. Machi na Aprili wanaondoka, Amur akiwa miongoni mwa wa mwisho. Usitegemee wapite walikopita: tai wengi wa nyika huingia Afrika kwa Bab el-Mandeb na kutoka kupitia Suez nchini Misri.

Kuna wahamaji wasiotoka Afrika, na hawa ndio wanaosahauliwa. Tai mdogo Hieraaetus wahlbergi na mwewe mwenye mdomo wa manjano hufika kusini mwa Afrika Agosti na Septemba kuzaliana, kisha hurudi kaskazini Machi na Aprili. Kwa mtazamaji aliye katikati ya njia yao, msimu wao ni kinyume na ule aliouzoea kwa wageni wa Ulaya na Asia.

Na mhamaji anayebaki si mkazi. Furukombe (Pandion haliaetus) mchanga hukaa Afrika mwaka wake wa kwanza wote bila kurudi, hivyo kumwona Juni hakuthibitishi kwamba anazaliana hapo. Ushahidi wa ukazi ni tabia: jozi ikicheza angani, ndege akibeba kijiti au mawindo kuelekea sehemu ile ile, kinda anayelilia chakula. Kwa upande mwingine, tumbusi mkazi anaweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Kumkosa leo si kwamba amehama.

Kuhesabu bila kurudia

Kundi likiwa linazunguka ndani ya hewa moto, usilihesabu. Utawarudia wale wale. Subiri wafike juu na kuanza kuteleza mmoja nyuma ya mwingine upande mmoja, kisha chora mstari wa kufikirika angani na ubonyeze kihesabio kila anapouvuka. Wakiwa mamia, hesabu kumi kwa uangalifu, jifunze kumi inavyoonekana, kisha songa kwa makumi.

Kozi wa makundi wahesabu wanapoingia kulala. Kuwa hapo saa moja kabla ya jua kuzama, mita 100 au zaidi kutoka kwenye miti, na ugawe pande za anga kati ya watazamaji ili kundi moja lisihesabiwe na watu wawili. Jamii ya Circus hulala ardhini katika majani marefu. Hesabu ukiwa mbali na usiingie humo kwa miguu.

Rekodi iliyokamilika

Mfano: "14 Novemba, 09:10–12:40, km 32, watazamaji 2, mawingu nusu ya anga, upepo hafifu wa kaskazini-mashariki, mvua jana jioni. Aquila nipalensis 6: mzima 1, wachanga 4, umri haukujulikana 1; wanakula kumbikumbi ardhini."

Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24. Daftari linalochanganya "saa 3" ya asubuhi kwa hesabu yetu na 03:00 ya simu limewahi kuwafanya tai waonekane wanaruka usiku wa manane. Ukizipeleka eBird, hifadhi ya mtandaoni ya rekodi za ndege, weka orodha kamili ya ndege wote uliowatambua, wakiwemo wa kawaida, ili kutokuwepo kwa aina fulani kuweze kusomwa.

Umri uandike kila unapoweza. Oktoba, mchanga ana manyoya ya kurukia yote ya rika moja, yamenyooka, yenye ncha nyeupe zisizochakaa. Mzima huonyesha mapengo na unyoya mpya uliokolea karibu na uliopauka. Pengo hilo hilo, likiwa kwenye bawa la kushoto, unyoya wa nne kutoka nje, litakusaidia kumtambua ndege yule yule wiki ijayo na kujua amekaa au amepita.

Ukiona pete mguuni, andika mguu gani, rangi na herufi, piga picha, upeleke kwa mpango wa uvishaji pete wa nchi husika. Mahali pa kiota pasiandikwe hadharani kamwe. Weka jina la wilaya tu. Ukikuta mbuai kadhaa wamekufa karibu na mzoga, shuku sumu: usiguse kwa mikono mitupu, zuia mbwa na watoto, piga picha, rekodi mahali kwa GPS na uwaarifu maafisa wa wanyamapori siku hiyo hiyo.