Maji ya chini ya basini ya tilapia, peleka kwenye miti

Bandugu ba Lubumbashi benye kufuga tilapia nyumbani, hasa kama muko na lichi ao mustafeli kwenye parseli, maji ya kuchafuka musimwange kwenye mufereji. Ingiza tiyo mpaka chini kabisa, vuta maji kama sehemu moja ya kumi ya basini, mwangia muti mudogo kuzunguka shina lakini isiguse shina. Mavi ya samaki na chakula chenye kubakia binaikala chini, na amonia yenye samaki anatoa, bakteria wanaigeuza kuwa nitrati, ile njo azoti muti unakula, kwa hiyo majani inatoka haraka. Kisha rudishia maji ya robine yenye ililala siku moja kwenye ndoo wazi klori itoke, na mwezi wa sita na wa saba rudishia saa ya jua, juu tilapia haipendi baridi.

Haifai kama ulitia chumvi kutibisha samaki, lichi itaungua majani. Tena lichi kubwa yenye kufikia kuzaa, wakati wa baridi uache kabisa: azoti itaisukuma kutoa majani mapya pahali pa maua.