Programu inachelewa kufunguka? Weka splashi skrini (ile picha inayotokea wakati programu bado inafunguka), hivi ndo inavyofanyika

Hii ni kwa wanaotengeneza programu za kompyuta kwa Python alafu wanazifunga kwa kifaa kinaitwa PyInstaller kuwa faili moja la exe. Chukulia umemtengenezea mtu mfumo wa stoo, ana duka la pembejeo Moshi mjini maeneo ya Mbuyuni, kompyuta ya kaunta ni ya zamani, diski ya kuzunguka sio SSD, antivairasi nayo inakagua kila kitu. Dada wa kaunta anakliki mara mbili, kimya, anakliki tena, kimya, anakliki tena kwa hasira, baadae yanafunguka madirisha matatu kwa mpigo na wewe uko zako Arusha unapigiwa simu eti mfumo umekufa. Aisee mfumo mzima kabisa, ila haukumwonyesha dalili yoyote kwamba umemsikia.

Kwanini inachelewa? Exe ya faili moja kila ukiifungua inafumua mzigo wake wote kwenye folda ya muda, ndo Python inaanza, ndo inapakia maktaba zako, na kama umeweka maktaba nzito kama pandas na matplotlib juu kabisa ya kodi utasubiri. Kwa iyo splashi ya Tkinter au QSplashScreen (ya PyQt, zote ni maktaba za kutengeneza madirisha) uliyoandika mwenyewe ndani ya kodi itatokea mzigo ukishafumuliwa, yani imechelewa tayari. Ya PyInstaller yenyewe inatokea mapema, wakati mafaili mengine bado yanafumuliwa:

pyinstaller --onefile --windowed --splash picha.png duka.py

Picha iwe PNG, isizidi pikseli 760 kwa 480, ikizidi itapunguzwa na hapo utahitaji Pillow, maktaba ya picha ya Python. Windows na Linux inakubali, macOS haikubali.

Sasa haijifungi yenyewe wakati dirisha lako limetokea, lazima uifunge wewe:

try:
    import pyi_splash
except ImportError:
    pyi_splash = None

Hiyo try ni muhimu maana ukiendesha kodi kawaida bila exe hiyo moduli haipo. Alafu ukishaonyesha dirisha kuu, kabla ya mainloop (mfano huu ni wa Tkinter, root ndo dirisha kuu):

root.update()
if pyi_splash:
    pyi_splash.close()

Kuna kitu watu wengi hawakioni mpaka kiwakute kwa mteja: splashi hii inakaa juu ya madirisha yote. Tuseme databesi haipatikani, programu ikatoa kiboksi cha kosa, kile kiboksi kinaweza kukaa nyuma ya picha na mtu anaona logo tu imeganda. Kwa iyo funga splashi kwanza, ndo uonyeshe kosa, popote kosa linapoweza kutokea.

Maandishi pia yanawezekana, weka text_pos=(10, 50) kwenye faili la spec (duka.spec, PyInstaller inaliandika yenyewe ukiendesha amri ya juu) sehemu ya Splash, kwenye kodi unaita pyi_splash.update_text("Nafungua stoo..."). Kuanzia hapo jenga kwa kutumia spec, sio ile amri ya juu, la sivyo spec itaandikwa upya na mabadiliko yako yanapotea.

Na tafadhali usiweke time.sleep ili logo yako ionekane vizuri, wala asilimia za kubuni. Asilimia ya uongo ni kama konda wa kosta stendi ya Moshi anayekwambia tunatoka sasa hivi na siti nusu ziko wazi, mtu anaamini mara moja tu.

Splashi haizuii mtu kufungua nakala mbili, kwa hilo weka kufuli (faili linaloonyesha programu tayari iko wazi), wa PyQt mna QLockFile. Kujaribu nako, zima kompyuta uwashe ndo ufungue, na ikiwezekana kwenye mashine mbovu kuliko zote ulizonazo, maana ukifungua mara ya pili Windows inakua bado imeshika mafaili kwenye memori na itaonekana ina spidi ambayo kule kaunta asubuhi haipo.