Jinsi ya kuomba ufadhili wa utafiti wa uhandisi kwa hesabu zinazosimama

Kabla ya kugusa fomu, soma tangazo la mfadhili pamoja na jedwali la kugawa alama. Hapo ndipo utajua kurasa zako uzitumie wapi.

Anza kwa kutaja teknolojia yako imekomaa kiasi gani. Wafadhili wengi hutumia kipimo cha ngazi 9 kilichoanzia NASA: ngazi ya 1 ni kanuni ya msingi tu, ya 4 ni vijenzi vilivyojaribiwa maabara, ya 9 ni mfumo uliokwisha kufanya kazi yake halisi. Usijipandishe cheo. Ukiandika ngazi ya 6 huku picha uliyoambatisha inaonyesha nyaya zilizobandikwa mezani kwa utepe, umejichongea mwenyewe.

Kwenye ratiba, kila kazi ipe makadirio matatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, na yakiharibika. Mbinu ya PERT, iliyotokana na mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani mwaka 1958, huchukua la kwanza, ikaongeza la kawaida mara 4, kisha la mwisho, ikagawa kwa 6. Benchi la majaribio lenye makadirio ya miezi 4, 6 na 14 linatoka miezi 7. Makadirio hayo waulize mafundi wa maabara. Kiongozi wa mradi ana haraka, na haraka hupunguza miezi.

Sasa bajeti, na hapa ndipo maombi mengi hufia. Tuseme mradi unagharimu 100, ukifaulu unaleta faida ya 300, na uwezekano wa kufaulu ni asilimia 30. Thamani tarajiwa, yaani faida mara uwezekano wa kuipata, kutoa gharama, ni 90 kutoa 100: hasara ya 10. Usikimbilie kuongeza asilimia ili hesabu ipendeze. Vunja mradi awamu mbili. Ya kwanza, jaribio dogo la 20, lina nusu kwa nusu ya kupita. Likikwama, mnasimama hapo hapo. Likipita, mnatumia 80 zilizobaki, na sasa uwezekano ni asilimia 60. Nafasi ya kufika mwisho haijabadilika, bado ni asilimia 30, lakini gharama tarajiwa imeshuka hadi 60 (20 za jaribio na nusu ya zile 80), na hasara ya 10 imegeuka faida ya 30. Kilichoongeza thamani ni ile ruhusa ya kuacha.

Kwa hiyo andika sharti la kusimama kwa kipimo kinachopimika: “nyufa zikionekana kabla ya mizunguko 10,000, awamu ya pili haianzi.” Sentensi kama “tutatathmini maendeleo” haimfungi mtu.

Mwisho, eleza kila asilimia umeitoa wapi: majaribio ya awali, miradi inayofanana, au maoni ya wataalamu waliokadiria kila mmoja peke yake. Kisha mpe mtu ambaye hakuandika bajeti ajumlishe upya kabla hujatuma. Jumla ya kwenye fomu isipolingana na ya kwenye jedwali, mkaguzi hataziamini asilimia zako.