Mzee anasahau sahau? Utaratibu wangu wa kumchunguza zahanati

Tabibu mwenzangu aliyehamia kijijini Newala aliniuliza afanyeje na wazee ambao ndugu wanasema "uzee tu huo". Nilimwandikia hivi.

1. Shikamoo, kiti, kisha masikio na macho. Asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu.

2. Imeanza lini, na nani anajua? Hapa usiwe na haraka. Kama amebadilika ndani ya siku chache, mchana ana akili zake, usiku anaweweseka, hiyo ni dharura: pima malaria, sukari na mkojo, angalia kama amepungukiwa maji. Habari ya kumbukumbu isubiri apone.

Kama ni ya miezi, mtafute anayeishi naye. Mtoto aliyeshuka na basi kutoka Dar atakwambia baba yuko salama. Mkwe anayempikia ndiye anayejua. Zungumza naye pembeni kwa ridhaa ya mzee, maana mzee akisikia anasemwa atanuna na hutapata kitu. Usiulize "anasahau?", kila mtu atajibu ndiyo. Uliza kazi alizozimudu: bado anapeleka korosho AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) na kujua alipimiwa kilo ngapi? Bibi anatia chumvi mara mbili? Amepotea njia ya shamba lake mwenyewe? Jina la mjukuu likimtoka kisha likarudi jioni, mimi sishtuki. Akishindwa kazi aliyoifanya maisha yote, nashtuka.

3. Mwambie alete dawa zote, hata za dukani. Piritoni (ya mzio na mafua), amitriptilini (ya sonona na maumivu) na diazepamu (ya wasiwasi na usingizi) huvuruga kumbukumbu za wazee.

4. Kipimo. Kuchora saa na kutoa saba saba kutoka mia siutaki kwa mtu ambaye hakusoma, unampima shule. Natumia IDEA, kipimo kifupi cha kumbukumbu kilichotengenezwa hapa hapa Tanzania, wilayani Hai: maneno kumi ya kukumbuka baadaye, kutaja wanyama kwa dakika moja, kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kama Kimakonde ndicho anachokimudu, tafuta mtu wa kutafsiri asiye mwanawe, kwani mwana humnong'oneza majibu. Akitaja mbuzi, kuku, mbuzi, mbuzi, andika hivyo hivyo alivyosema.

5. Tafuta vyanzo vingine vya kusahau. Uliza pombe, kuanguka na kugonga kichwa, na huzuni, hasa aliyefiwa karibuni. Pima VVU na kaswende. Tezi ya shingo na vitamini B12 hupimwa hospitali kubwa, kwa hiyo mpe rufaa, na barua iseme alichoshindwa kufanya nyumbani, pamoja na alama za kipimo.